Mgeni wa Mkesha wa Noeli

Tarehe 24 Desemba ndio usiku mkubwa wa mwaka nchini Ujerumani. Maduka hufungwa mchana, na kufikia jioni barabara zimebaki tupu: watu wako kanisani, au wamekaa sebuleni penye mti uliowashwa taa wakifungua zawadi. Tarehe 25 ni ya watu wa nyumbani. Tarehe 26, ambayo nayo ni sikukuu ya nchi nzima, ndiyo ya kutembeleana. Mtu anayeshuka kwenye treni jioni ya tarehe 24 kwa mara yake ya kwanza, akitoka pwani ya Afrika Mashariki ambako sikukuu ni ya barazani na mtaani, sahani zikivuka kutoka nyumba hii kwenda ile, huingia katika mji unaong'aa usio na mtu. Theluji ikiwa imeanguka, hata nyayo zake hazisikiki. Kila dirisha lina taa, na hakuna hata moja ambalo anamjua mwenyewe.

Hapo linazuka swali la dini ambalo wahubiri hulipita haraka. Noeli ni sikukuu ya mtoto aliyezaliwa wazazi wake wakiwa safarini, wamekosa nafasi katika nyumba ya wageni. Je, sikukuu hiyo inamdai nini mwenye nyumba kwa ajili ya mtu aliyeko nje usiku huo huo? Kumpokea mgeni ni pambo la sikukuu, jambo jema likifanyika na lisilo na hatia likikosekana, au ndiyo sikukuu yenyewe? Wasemaji wa Kiswahili wamekutana na swali hili Ujerumani tangu karne ya 19. Leo wanakutana nalo Marekani, katika miji kama Falls Church, Virginia, kilomita chache magharibi ya Washington.

Theluji kwanza iwekwe mahali pake. Injili ya Luka inataja hori, wachungaji na usiku, haitaji baridi. Surat Maryam katika Kurani inamweka Maryam peke yake, mahali pa mbali, chini ya shina la mtende, akipewa tende mbivu na maji ya kijito, na tende hazivi wakati wa baridi. Tarehe 25 Desemba ilishika mizizi Roma katika karne ya 4. Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao ni wengi katika eneo la Washington, husherehekea tarehe 7 Januari. Picha ya Noeli nyeupe ilitoka Ulaya ya kaskazini, ikaenezwa na watunzi kama Charles Dickens, ambaye hadithi yake ya mwaka 1843 kuhusu bahili aliyetembelewa na mizuka ilisomwa kila mahali. Hata Ujerumani kwenyewe, katika miji ya nchi tambarare, Noeli yenye theluji ni adimu, na mwaka 2010 unakumbukwa kwa sababu karibu nchi nzima ilikuwa nyeupe. Eneo la Washington nalo mara nyingi hupata Noeli kavu. Dhoruba ya tarehe 18 na 19 Desemba 2009, iliyomwaga theluji ya takriban sentimita 40, ilikuwa tukio la kusimuliwa. Wachagga wana bahati ambayo Wajerumani wengi hawana: kila Noeli theluji iko mbele ya macho yao juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huku chini migombani jua linawaka. Johannes Rebmann, mmisionari kutoka Württemberg, alipoiona theluji hiyo tarehe 11 Mei 1848 na kupeleka habari Ulaya, wapo wataalamu wa jiografia wa London waliomkatalia kwa miaka mingi.

Kwa hiyo theluji haimo katika imani. Lakini ina kazi moja nzito katika swali hili: inaufanya mlango uliofungwa kuwa jambo la uhai na kifo. Aliyekosa pa kulala Tanga atapambana na umande na mbu. Aliyekosa pa kulala Hamburg au Falls Church mwezi Desemba anaweza kukutwa asubuhi amekufa.

Hamburg ina ushahidi wa pande mbili. Mwaka 1833 mwanatheolojia Johann Hinrich Wichern alifungua huko nyumba iliyoitwa Rauhes Haus, ya kuwapokea watoto wa maskini na waliotelekezwa. Kila mwaka watoto hao walimsumbua wakiuliza Noeli itafika lini. Mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni, akalipangia mishumaa midogo kwa siku za kazi na mikubwa kwa Jumapili, akalitundika ili wahesabu wenyewe. Ndipo lilipoanzia shada la Majilio, ambalo leo huwashwa katika sharika za Kilutheri kutoka Moshi hadi Bukoba. Wengi wanaoliwasha hawajui kwamba liliundwa kwa ajili ya watoto wasio na kwao. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu ndani ya gurudumu lile mna jibu la nusu ya swali hili.

Upande wa pili ni wa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844. Alimpenda mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akatoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kufunga ndoa Aden mwaka 1867, na mwaka huo huo akaingia Hamburg akiwa Emily Ruete. Miaka mitatu baadaye mume alikufa katika ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1886, na katika barua zilizochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake, ameeleza baridi, upweke na ugumu wa kuishi kati ya watu wenye adabu kamili na milango iliyofungwa. Anakiri kwa uchungu kwamba alitoka kwao akiwa Mwislamu mwema, naye sasa amekuwa Mkristo mbaya. Mapadri na wachungaji wangefaa kulisoma ungamo hilo kwa makini. Mwanamke huyu aliipokea imani ya Noeli kwa ubatizo, lakini waumini wa imani hiyo hawakumpokea kiasi cha kumfanya aione kuwa yake. Alifariki Jena mwaka 1924 na kuzikwa Hamburg, pamoja na mchanga wa pwani ya Zanzibar aliokuwa ameuhifadhi.

Historia ya Mtoro bin Mwinyi Bakari ni kali zaidi. Mwalimu huyu wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu cha mwaka 1903 kuhusu desturi za Waswahili, alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900. Huko alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alipojaribu kurudi Afrika Mashariki pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilimzuia kuingia naye katika nchi yake mwenyewe. Akarudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Serikali iliyojiita ya Kikristo ilimfunga nje Mwislamu wa Bagamoyo katika mlango wa nyumbani kwao. Hapo maana ya mwenyeji na mgeni ilikuwa imepinduliwa kabisa.

Wanafalsafa na mabingwa wa dini wamejibu swali la mgeni kwa vipimo tofauti. Kipimo cha chini kabisa ni cha Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1795 huko Königsberg, mji wa baridi kali wa Prussia. Kwake, ukarimu ni suala la haki, halitokani na huruma. Mgeni ana haki ya kutofanyiwa uadui kwa sababu tu amekanyaga ardhi ya wengine, kwani dunia ni duara, watu hawawezi kutawanyika bila mwisho, na hapo mwanzo hakuna aliyekuwa na haki kubwa kuliko mwenzake ya kuwa mahali fulani. Hiyo ni haki ya kuzuru. Haimpi mgeni madai ya kuwa mtu wa nyumbani. Anaweza kukataliwa, mradi kukataliwa huko kusimwangamize. Sharti hilo la mwisho linaonekana dogo katika kitabu. Katika usiku wa nyuzi kumi chini ya sifuri linageuka kuwa amri, kwa maana kumkataa mtu na kumwangamiza ni kitendo kimoja.

Kipimo cha pili ni cha watu walioishi na wageni kila siku na kujua gharama yake. Kitabu cha Wakristo wa kwanza kiitwacho Didake, cha mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ile ya 2, kinaagiza mpita njia asaidiwe kwa kadiri inavyowezekana, akae siku mbili au tatu; akitaka kuhamia, na ana ufundi, afanye kazi ale. Hadithi ya Mtume Muhammad inaweka ukarimu kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huiona methali hii kuwa ya ubahili. Ni kinyume chake: jembe ndilo linalomtoa mtu katika ugeni, kwa maana anayelima shamba la nyumba ana sauti katika chakula chake. Pia methali haisemi lolote la kupunguza siku ya kwanza. Siku ya kwanza haina masharti.

Kipimo cha tatu ndicho kinacholeta ugumu. Injili ya Mathayo, sura ya 25, inaweka hukumu ya mwisho juu ya jambo hili: aliyempokea mgeni alimpokea Kristo, na aliyemwacha nje alimwacha Kristo nje. Waraka kwa Waebrania unakumbusha kwamba wapo waliowakaribisha malaika bila kujua. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inaagiza kila mgeni wa monasteri apokewe kama Kristo mwenyewe. Wapoland wameliweka fundisho hilo mezani: katika chakula cha mkesha wa Noeli huandaa sahani moja ya ziada kwa mtu asiyetazamiwa. Ikiwa mafundisho haya yana uzito wowote, mkesha wa Noeli nyumba yenye sala, nyimbo na mti uliopambwa, huku mtu anatetemeka kibarazani, haijasherehekea chochote.

Kuna pingamizi, nalo si la watu wabaya. Sikukuu inahitaji kuta. Watoto hukua kwa kujua kwamba usiku fulani baba, mama na bibi wote wapo, na hakuna anayeitwa kazini. Nyumba inayoalika kila mtu kila siku hatimaye haina cha kumpa yeyote. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi huko, hasa Old Moshi, kwa vipindi hadi mwaka 1938, aliijenga theolojia yake juu ya jambo hili: ukoo, ujirani na rika ni vifungo vilivyowekwa na Muumba, na ustaarabu wa miji ya viwanda, ukiwemo wa kwao Ujerumani, unavikata na kumwacha mtu peke yake. Alilaumiwa kwa kuufungia Ukristo ndani ya kabila, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo aliona kweli. Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari ya Wachagga wanaokwenda, kama wanavyotaniwa, kuhesabiwa. Utani huo unatoka moja kwa moja katika Injili ya Luka, ambamo Yusufu naye alikwenda Bethlehemu kuhesabiwa. Mtori, nyama na mbege kwenye kihamba cha babu ni sherehe ambayo hakuna mhubiri mwenye haki ya kuidharau.

Lakini tazama kilichompata Yusufu. Alikwenda kwenye mji wa ukoo wake mwenyewe, na bado akakosa nafasi. Waliofika kumwona mtoto walikuwa wachungaji, watu waliokuwa nje usiku huo kwa sababu ya kazi yao. Luka hasemi neno baya juu ya wenye nyumba za Bethlehemu. Anawaacha tu nje ya habari, kana kwamba walikuwa wamelala. Vifungo vya damu peke yake havikutosha hata kwa Mwana wa Daudi, na hapo Gutmann anahitaji kusahihishwa. Ukoo unafundisha upendo. Haujafunza bado kama upendo huo unaishia kizingitini.

Falls Church ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili likifanyiwa kazi. Ni mji mdogo, usiofika kilomita za mraba sita, unaojitawala tangu mwaka 1948, ingawa jina lake linatumika pia kwa mitaa jirani ya Kaunti ya Fairfax. Umeitwa kwa kanisa la Kianglikana lililoanzishwa hapo katika miaka ya 1730. Jengo lake la matofali, lililosanifiwa na James Wren, lilikamilika mwaka 1769, na ushirika umekiri hadharani kwamba watumwa walishiriki kulijenga. Desemba 2006, katika majuma ya Majilio, wengi wa waumini walipiga kura kujitenga na Kanisa la Episkopali la Marekani na kujiweka chini ya Kanisa Anglikana la Nigeria. Wachache waliobaki waaminifu kwa dayosisi ya zamani walikosa pa kusali, wakapokewa na Wapresbiteri wa ng'ambo ya barabara. Baada ya kesi ndefu, mwaka 2012 mambo yaligeuka: wachache wakarudi katika jengo, na wale wengi wakatoka kwenda kutafuta kumbi za kusalia. Katika miaka hiyo kila upande ulionja ugeni, na Waafrika, waliozoea kupokewa na makanisa ya Marekani, walikuwa wenyeji wa Wamarekani kiroho. Bila kujali nani alikuwa na haki katika ugomvi wenyewe, hakuna mahubiri ya Noeli yanayoshinda hayo.

Mji huo umezungukwa na watu waliofika mikono mitupu. Wavietnamu waliokimbia baada ya mwaka 1975 waliifanya Eden Center kuwa soko lao kuu. Waethiopia, Wasomali, Wasudani na Waafghanistan wamejaa mitaa ya Bailey's Crossroads na Seven Corners. Msikiti wa Dar al-Hijrah, ambao jengo lake lilifunguliwa mwaka 1991, una huduma ya kusaidia wahitaji. Shirika la Kilutheri la huduma za jamii la eneo la Washington, lililoanzishwa mwaka 1917 na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na ofisi kwenye barabara ya Leesburg Pike, Falls Church, limewapokea wakimbizi wa dini zote. Hapo mkondo ulioanzia kwa Walutheri wa Hamburg ya Wichern unarudi kwa Waafrika, safari hii mlango ukiwa wazi.

Utaratibu wa Marekani wa kuwapokea wakimbizi, uliojengwa juu ya sheria ya mwaka 1980, ni wa kuvutia kwa mtu wa dini, kwa sababu uliiandika siku ya kwanza kwa maneno ya mkataba. Shirika lilipaswa kumlaki mkimbizi uwanja wa ndege, kumpeleka kwenye nyumba yenye vitanda na vyombo, kumpokea kwa chakula kilichokwisha kupikwa cha aina aliyoizoea, kumpa nguo zinazofaa majira, na kumtembelea siku inayofuata. Baada ya hapo zilihesabiwa siku 30, zikiongezeka hadi 90, na ndani yake alitarajiwa kuanza kutafuta kazi. Ni Didake na methali ya jembe vikiwa na mhuri wa serikali. Katika mwaka wa fedha wa 2023 Marekani iliingiza wakimbizi takriban 60,000, na kundi kubwa kuliko yote, zaidi ya 18,000, walitoka Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili waliokaa miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma. Mama wa Fizi au Uvira aliyelala Nyarugusu zaidi ya miaka ishirini, akashuka Marekani mwezi Desemba na watoto waliovaa kandambili, ndiye msafiri hasa wa siku ya kwanza. Kwake ugali na maharage ya moto na koti zito si ishara ya kitu kingine.

Mkataba hata hivyo una ukomo wake. Unaweza kuamuru sahani. Hauwezi kumwamuru mtu akae chini ale pamoja na mgeni. Misaada ya Noeli ina hatari ambayo walioipokea wanaifahamu vizuri: mgeni hugeuzwa chombo cha kumfanya mwenyeji ajione mwema, hupigwa picha na mifuko ya zawadi, na Januari simu yake haipokelewi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na uponyaji huo unatajwa kuwa tunda la ujio wa mgeni. Hausemwi kuwa ndio sababu ya kumwita. Tofauti huonekana katika jambo dogo sana, nalo ni nani anayepika. Pale ambapo mwaka wa kwanza familia inakaribishwa, na mwaka wa pili inaombwa ilete sambusa au pilau yake kwenye meza ile ile, ukarimu umefikia mwisho wake halali, kwa sababu mgeni ameacha kuwa mgeni.

Linabaki suala la mgeni asiyeiamini sikukuu. Mwislamu kutoka Mombasa anayeishi Falls Church hana deni la kuimba nyimbo za Noeli, na mwenyeji Mkristo hana deni la kuificha imani yake ili mgeni astarehe. Kinachodaiwa ni kwamba siku ambayo mji mzima umefungwa, yeye asifungiwe nje ya watu. Wote wawili wanayo habari ya Maryam na mwanawe, na katika vitabu vyote viwili mama huyo anajifungua mbali na nyumbani. Mgeni anaweza kula chakula cha nyumba bila kula imani yake, na dini zote mbili zimemwamuru mwenyeji kumlisha msafiri bila kumuuliza kwanza anasali wapi.

Jibu basi ni hili: kumpokea aliyeko nje ndiyo sikukuu yenyewe, na kuta za nyumba zina haki yao baada ya yeye kuingia. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi na fedha zilizoendesha siku zao za mwanzo, hivyo kazi ambayo mkataba uliibeba imerudi kwa sharika, misikiti na kaya. Wasemaji wa Kiswahili walioko Virginia na Maryland, pamoja na wale wa Hamburg na Berlin, wanaijua siku ya kwanza kuliko watu wengi. Mwezi Desemba kila kaya na iulizie, kanisani, msikitini au kwa majirani, ni nani amefika mwaka huu asiye na mtu, na imfuate alipo kabla ya tarehe 24, na koti, chakula cha moto, na simu yenye salio la kuongea na kwao.